Meza Kuu Ibaki Stoo

Umeamua kuwakusanya watu wa mtaa wako wasome kitabu pamoja, wamsikilize bibi anayekumbuka mambo ya zamani, wabishane kuhusu mahari, mirathi na historia ya bandari yao. Hiyo ni kazi njema na mtaa wako unaihitaji. Basi usianze na bajeti wala bango. Anza na meza kuu, ile ndefu yenye kitambaa cha satini, maua ya plastiki na chupa za maji ambazo hakuna anayezifungua. Ibebeni watu wanne, iingizeni stoo, fungeni mlango, na ufunguo mpeni mtu ambaye simu yake haina chaji.

Nasema kweli kuhusu hiyo meza. Mama muuza samaki akiingia ukumbini akaiona, ameshajua kabla ya neno la kwanza kusemwa kwamba maarifa yamekaa kule mbele na yeye ameletwa kujaza viti. Atakaa safu ya mwisho karibu na mlango, kikapu miguuni, na hata maiki ikimfikia atasema, "Mimi nilikuwa nasikiliza tu." Mama huyo huyo ndiye anayejua nani alikuwa na mashua mtaani, familia ipi ilihamishwa ufukweni na hoteli ilianza kujengwa msimu gani. Ukimkosa yeye, mkutano umeukosa. Panga viti duara. Watu wakizidi, panga duara mbili, ya ndani na ya nje, na ikifika katikati ya mazungumzo wabadilishane nafasi.

Ukishaimaliza meza, mgeukie mgeni rasmi. Ratiba inasema saa tatu asubuhi. Gari lake linaonekana saa sita na nusu, na kabla ya hapo mshereheshaji ameshatupigisha makofi ya kilo na kila aina ya makofi iliyowahi kubuniwa, mpaka viganja vinawaka moto. Akiingia tunasimama wote. Kisha wazungumzaji watano wanapokezana kutaja vyeo kuanzia juu kabisa mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na baada ya robo saa ya vyeo kila mmoja anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Imezingatiwa mno! Muda wa majadiliano ndio haukuzingatiwa: ratiba iliupa saa moja na nusu, zimebaki dakika kumi na mbili, na wali umeshaanza kunukia. Mheshimiwa anaomba radhi kwamba ana majukumu mengine, anaondoka, na nusu ya ukumbi inamfuata.

Diwani mwalike, tena kwa heshima zake zote, lakini mwambie mapema: "Mheshimiwa, karibu kama mkazi mwenzetu. Kiti chako ni cha plastiki kama vingine, na ukinyoosha mkono zamu yako itafika." Wapo watakaokasirika na kutuma mwakilishi. Atakayekuja mwenyewe, akakaa saa mbili akiwasikiliza watu wake bila kuwahutubia, huyo mpigie makofi ya kilo, kwa sababu ameyatolea jasho.

Utaambiwa kwamba mkutano usio na wakubwa hauna uzito. Anayekuambia hivyo mkumbushe mwaka 1973, wakati Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Tanzania Bara na Visiwani kulikuwa na watu milioni 12 na ushei kwa sensa ya 1967, wengi hawakujua kusoma, na redio zilikuwa za kuhesabu. Majirani walikutana kila wiki kwa wiki 12. Walisikiliza kipindi kimoja cha redio, anayejua kusoma akawasomea wenzake sehemu ya kitabu kidogo, kisha mazungumzo yakaanza: malaria inaingiaje humu ndani, kichocho kinatoka wapi, na sisi hapa tutafanya nini kabla ya wiki ijayo. Aliyeongoza kikundi alikuwa jirani aliyepewa mafunzo mafupi, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Viongozi wa namna hiyo walikuwa kama 75,000, na walioshiriki walifika takriban milioni 2. Watu walitoka kwenye vikundi hivyo wakaenda kuchimba vyoo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1971, njia hiyo hiyo ya redio na vikundi ilitumika kwa Wakati wa Furaha, kampeni iliyowakalisha watu wazungumze historia ya nchi yao wakati Uhuru ulipotimiza miaka kumi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kasoro ya kampeni hizo naiona wazi: mada zilichaguliwa juu zikateremshwa. Hata hivyo waliozibuni walielewa jambo ambalo waandaaji wengi wa leo, pamoja na projekta zao, hawajalielewa. Sauti ya mtaalamu ilipewa muda wake mfupi, kisha ikanyamaza watu wazungumze. Basi na wewe mtoa mada wako mpe dakika kumi na tano. Akifikisha slaidi ya arobaini, chomoa waya.

Saa ya kukutana usiipange peke yako. Usimwite mkulima kuzungumzia utamaduni wiki ya kupanda, usigongane na swala ya Ijumaa, na usishindane na siku ya mnada, maana mnada utakushinda. Waulize akina mama kwanza. Mara nyingi watakutajia saa kumi jioni, vyombo vimeshaoshwa na chakula cha usiku hakijainjikwa. Ukishaipata saa, chagua siku moja na usiibadilishe kamwe. Kule Mabibo, Dar es Salaam, semina za jinsia na maendeleo za shirika la TGNP zimekuwa zikifanyika siku za Jumatano kwa miaka mingi, na anayetaka kuja haulizi ni lini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, msimu ukawekwa wazi: tamasha la mijadala mwezi Aprili, na lile la kwanza, la mwaka 2009, likamleta Wole Soyinka.

Mahali ni suala gumu zaidi. Zipo hoteli ambazo kumbi zake zimejadili "jamii" mara nyingi kuliko ukumbi wa kijiji chochote, na hakuna mwanajamii aliyewahi kupita getini. Nenda walipo watu. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, na pale Jaws Corner watu hunywa kahawa na kubishana siasa bila kuandaliwa na mfadhili yeyote. Mijadala hiyo ni chuo kamili. Ila tazama vizuri ni nani waliokaa: karibu wote ni wanaume. Ukihamishia baraza lako kijiweni halafu ukaandika kwamba wanawake hawakujitokeza, aibu hiyo ni yako. Nenda kwenye vikoba, nenda saluni, nenda mahali wazazi wanapongojea watoto shuleni, ukaulize wao wangependa kukutania wapi.

Maktaba usiisahau. Ile ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya robo karne Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Baadaye shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishika kazi ya kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katikati ya makazi ya watu wa kawaida. Mtaani kwako huenda lipo jengo la namna hiyo lenye vumbi na kufuli. Jengo la umma ambalo wananchi hawaliingii limeshaibwa, hata kama matofali yote yapo.

Sasa mada. Nakusihi usiandike "Nafasi ya Utamaduni katika Maendeleo Endelevu: Changamoto, Fursa na Mikakati". Hiyo mada imeshajadiliwa kila wilaya na hakuna anayekumbuka kilichosemwa, wala aliyekisema. Chagua swali ambalo watu wameanza kubishania nyumbani kwao. Ndoa ikivunjika, mahari irudi kwa nani? Ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya shule kujengwa? Mtaa huu ulipewa jina na nani? Wadau, mtambuka, mnyororo wa thamani na kujengewa uwezo vyote viachwe nje ya mlango pamoja na viatu.

Tafuta maandishi yanayochokoza. Wakazi wa karibu na bandari wasomeeni Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979 kuhusu makuli wa Zanzibar na mgomo wao wa 1948, kisha kaa pembeni usikie wapakuaji mizigo wa leo wakilinganisha ujira. Wazazi wa mabinti wasomeeni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kuna wakati ilizuiwa isiingie shuleni. Mwulizeni kila baba: Zakaria, baba wa Rosa, alimlinda binti yake, au alimwangamiza kwa ukali wake? Hamtamaliza jioni moja. Nakala hazitoshi? Moja inatosha akiwepo msomaji mwenye sauti, na kwetu kusomewa si unyonge. Tenzi za mwambao zilisomwa kwa sauti mbele ya watu karne nyingi kabla yetu.

Pia yapo maarifa ambayo hayajaandikwa. Mwaka 1968, kwenye mradi wa utafiti wa Majimaji ulioongozwa na wanahistoria wa chuo kikuu, akiwemo John Iliffe, wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka vita vya 1905 hadi 1907. Msomi alikwenda kwa mkulima akiwa na daftari na swali. Waliosimulia walikuwa wamebakiza miaka michache ya kuishi, na ule mwaka usingetumika vile, tungekuwa tunaijua Majimaji kwa barua za maofisa wa Kijerumani. Mtaani kwako wamo wanaokumbuka operesheni ya vijiji, foleni za sukari, vita vya Kagera. Waalike sasa. Na bibi akiona Kiswahili kinambana, mwache aseme Kiha, Kinyakyusa au Kigiriama, mjukuu wake atafsiri. Mjukuu naye siku hiyo atasikia mambo ambayo hakuwahi kuyauliza.

Tufike kwa anayeongoza mazungumzo, kwa maana hapa ndipo mikutano mingi inapofia. Usimpe kazi hiyo mtu anayependa sauti yake. Mpe anayeweza kuuliza swali kisha akanyamaza, akahesabu moyoni mpaka kumi, bila kujijibu mwenyewe. Ukimya unawatisha waandaaji wengi, wanaujaza haraka na maelezo, na yule aliyekuwa anakusanya ujasiri anaurudisha mfukoni. Mwalimu mstaafu asianze kuchangia. Ni mtu mwema na anajua mengi, lakini akianza yeye, wote watakuwa wanafunzi wake wa darasa la nne na watakubaliana naye. Aanze kijana wa bodaboda, au mama wa genge.

Kuna mtu mmoja utakayemkuta kila mkutano, kuanzia Kigoma hadi Lamu. Anasimama, anakohoa, anasema ana maswali matatu, mchango mmoja na angalizo. Dawa yake ni hii: mwombe kwanza arudie kwa maneno yake alichosema aliyemtangulia, mpaka aliyemtangulia akubali kwamba ndicho alichosema. Akishindwa, akae, asikilize, zamu yake itarudi. Sheria hiyo iwe ya wote. Utaona ndani ya mikutano miwili watu wanaanza kusikilizana, kwa kuwa kila mmoja anajua ataulizwa.

Heshima isiondoke. Shikamoo ibaki, wazee wapewe viti vyenye kivuli. Lakini mfundishe kijana kwamba anaweza kusema, "Babu, kwa heshima yako, mimi naliona vingine," na mwombe babu mapema asilichukulie neno hilo kuwa utovu wa adabu. Wazee wengi hulipenda. Hawajabishiwa vizuri kwa miaka mingi.

Kama bado una shaka kwamba watu wa kawaida wanaweza kubeba kazi ya sanaa na fikra wenyewe, fikiria Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wakazi wake, wengi wao wakulima na vibarua, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na mazoezi yakafanyika hadharani, yeyote apitaye akitazama na kutoa maoni. Wazee waliwasahihisha wasomi: mzee hasemi hivi, kibarua hajibu vile, wimbo huu ulikuwa na mwendo mwingine. Maandishi yakabadilika kufuatana na maoni yao. Mahali hapo palikuwa pia darasa la watu wazima, kwa hiyo kujifunza kusoma na kujifunza kuigiza vilikwenda pamoja.

Umati ulijaa. Novemba mwaka huo huo serikali ikafuta kibali cha maonyesho, siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hakuna bunduki iliyokuwa imefichwa pale. Kulikuwa na wakulima waliokuwa wakizungumza maisha yao kwa lugha yao, na hilo likaonekana hatari. Sikuelezi haya ili uogope. Omba kibali mapema, waalike viongozi wa mtaa, fanya kila jambo mchana kweupe. Lakini usikubali kamwe kuambiwa kwamba watu kukaa na kuzungumza ni burudani ndogo isiyo na maana. Waliobomoa lile jukwaa walijua thamani yake kuliko sisi tunaoahirisha mkutano kwa sababu tisheti hazijachapwa.

Na hizo tisheti achana nazo. Pesa hiyo nunua unga, sukari na majani ya chai, umlipe mama wa jirani apike maandazi na mihogo. Chai inywewe katikati ya mazungumzo, si mwishoni, kwani wasioweza kusema mbele ya watu husema wakiwa na kikombe mkononi, na anayeongoza akipita na birika atayasikia.

Kuhusu posho nitasema waziwazi. Aliyetumia nauli arudishiwe nauli. Mwenye mtoto mchanga apate mtu wa kumshikia. Earl Shorris, mwandishi wa Marekani aliyeanzisha kozi ya Clemente jijini New York mwaka 1995 ili watu maskini wasome falsafa, fasihi na historia kwa kiwango cha chuo kikuu, aliwatafutia wanafunzi wake nauli ya treni na walezi wa watoto wao, maana hakuna anayemfikiria Sokrates akiwa hajui atarudije nyumbani. Lakini bahasha ya kumlipa mtu kwa sababu amekaa kwenye kiti, hapana. Bahasha hugeuza jirani kuwa kibarua wa mkutano, na siku mfadhili akiondoka vibarua wanaondoka naye. Mtu aliyefuata mazungumzo atarudi kuyafuata.

Mwishoni usisome maazimio kumi na saba. Waulize watu jambo moja tu wanalotaka lifanyike, na nani atalifanya. Picha ya pamoja ipigwe, ni kumbukumbu nzuri, ila wapelekee walio ndani yake, na simulizi za wazee mlizorekodi ziachwe shuleni au maktabani ambako wajukuu watazikuta. Ripoti ya mfadhili iandike kwa ukweli, utaje mangapi yaliharibika. Kisha panda daladala ileile wanayopanda washiriki. Kama bado wanabishana kuhusu Zakaria na binti yake mpaka kondakta ameingilia kati, mkutano wako umefaulu, na hakuna fomu ya tathmini itakayokupa jibu la uhakika zaidi ya hilo.

Huhitaji kungoja mradi. Unahitaji kitabu kimoja, viti vya kuazima, birika, na siku ambayo akina mama wameikubali. Nenda wiki hii kwa mtendaji wa mtaa ukaombe ule ukumbi uliofungwa. Ulijengwa kwa michango ya wakazi, nawe una haki ya kuingia.